Bi. Tak Gil-rye, Mwonjaji wa Chumvi wa Mtaa Wetu (1958–2024)

Marehemu Bi. Tak Gil-rye, shangazi yangu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 hapa Beolgyo, mtoto wa tatu wa Mzee Tak Yong-bae. Alisoma hapa hapa hadi sekondari, kisha akawa mpishi katika mgahawa wa stesheni. Wateja walimpenda, ila hakuwa na simile na aliyebakiza chakula. Mwaka 1983 aliolewa na Bw. Sim Pan-ho, fundi baiskeli, wakajaliwa binti mmoja.

Mwaka 1997 alipatwa na ugonjwa wa baipola. Kuna miezi aliimba mpaka majirani wakachoka, na kuna miezi hakunyanyua kichwa. Dawa zilimtuliza, nasi tukashangilia mapema. Kumbe ndani mlikuwa na ugonjwa wa pili: hofu. Moyo ulimwenda mbio, akaacha kazi, akaacha hata kutoka nje. Na kila hofu ilipomnyima usingizi, baipola nayo ilirudi.

Huruma yetu ilizidisha mambo. Kila Novemba, wanawake wa mtaa walipokusanyika uani kwetu kutia kabichi chumvi na pilipili kwa kimchi ya majira ya baridi, mama yangu alimpelekea ndoo yake mlangoni, asisumbuke. Daktari Bong, aliyekuwa akimtibu shangazi, aliposikia alimjia juu mama.

"Mama, hofu mnailisha wenyewe! Itaondokaje, nanyi mnaipelekea chakula nyumbani?"

Ndipo hofu yenyewe ikaanza kutibiwa. Mwaka ule mama alilia, lakini ndoo hakupeleka. Shangazi alifika langoni, akarudi. Mwaka uliofuata aliingia uani akitetemeka, akakaa. Mama akamtia mdomoni jani la kwanza, kama ilivyo desturi.

"Haya wifi, sema."

"Chumvi mmetia, au kabichi mmeionyesha tu?"

Ua mzima uliangua kicheko. Tangu hapo hakuna ndoo iliyofungwa kabla hajaonja. Hofu haikuisha kabisa. Alikuja nayo hivyo hivyo. Lakini usingizi ulirudi, na miezi mibaya ikawa michache. Tulimpata tena, na tunamshukuru Mungu.

Januari aliugua nimonia, akafariki tarehe 6 Februari 2024, mkono wake mkononi mwa mumewe. Ameacha mume, binti yake Ok-ran, wajukuu wawili, na wifi yake Mak-rye, mama yangu.

Kimchi mtakayokula leo tukitoka kaburini aliionja mwenyewe Novemba. Mkiona chumvi imezidi, semeni kwa sauti. Kusemwa hakumwogopeshi tena.

Pumzika, shangazi, kwa amani uliyoitafuta ukaipata.