Valeria Likwata, Aliyewauliza Abiria Kama Wameogopa

Baba Paroko, masheikh, wazee wa Mitole, wakwe zetu mliofika jana kutoka Sudi, walimu na wanafunzi wa chuo mliosafiri kutoka Dar es Salaam, shikamooni wakubwa zangu, na wengine wote nawasalimu kila mmoja kwa imani yake. Mimi ni Clemence, mdogo wa marehemu, na familia imenituma nisome maisha ya dada yetu, yale aliyoagiza yeye mwenyewe yasemwe, na mengine ambayo tumeona si haki kuyaacha.

Dokta Valeria Kornelio Likwata alizaliwa tarehe 9 Agosti 1985 hapa hapa Mitole, wilaya ya Kilwa, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Kornelio Likwata na mama yetu Cecilia, wakulima wa ufuta na mihogo. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1993 hadi 1999, na alipokuwa darasa la tano, mwezi Julai 1997, alipanda na baba lori lililobeba magunia ya ufuta na watu juu yake, likapinduka kwenye mteremko, majirani zetu wawili wakapoteza maisha, na baba akavunjika mguu, mguu ambao hakuutembelea vizuri tena hadi alipofariki mwaka 2011. Baba akiwa amelala kitandani na mguu wake, Valeria alimwuliza, "Baba, hukuona kwamba anakimbiza gari?" naye akamjibu, "Niliona, mwanangu, tangu tunatoka, lakini dereva ni shemeji yangu, nikaona haya kumwambia mbele za watu." Kuanzia hapo dada alikuwa mwoga wa magari, akipanda anashika chuma cha kiti hadi viganja vinakuwa vyeupe, na sisi wadogo zake, kwa ujinga wa utoto, tulimwita Mama Woga.

Alisoma sekondari Kilwa Masoko kuanzia 2000 hadi 2003, kidato cha tano na sita Mtwara, 2004 hadi 2006, kisha akajiunga na chuo kikuu Dar es Salaam kusomea usafirishaji, akahitimu mwaka 2009. Wengi walishangaa kuona mtu anayetetemeka ndani ya gari anakwenda kusomea magari, na mama alipomwuliza alisema, "Kitu ninachokiogopa afadhali nikifahamu."

Januari 2010 aliajiriwa kuwa afisa usafirishaji mjini Lindi, akapanga chumba Mitwero. Tarehe 17 Aprili 2013, akitoka Dar es Salaam kwa basi, mvua ikinyesha na dereva akilipita kila gari lililokuwa mbele, dada alisimama akaenda hadi mbele akasema, "Kaka, punguza mwendo, tunaogopa." Waliokuwa wamekaa nyuma yake, ambao alikuwa amewaona wakisali kimoyomoyo, ndio waliomrudisha kwa maneno, wengine wakisema, "Dada, kaa chini, unatuchelewesha," na mmoja akasema, "Kama unaogopa, shuka." Dereva alisimamisha basi katikati ya msitu, mbele kidogo ya Somanga, akamshusha na begi lake. Kijana mmoja asiyemjua, mwalimu wa sekondari, naye akashuka, na kondakta alipomwuliza kijana huyo kulikoni, alijibu, "Mama yangu akisikia nimemwacha mtu porini, nitamwambia nini?" Huyo ndiye shemeji yetu Alfani Haruna. Walisimama pembeni ya barabara wamelowa, wakisikia tembo wakivunja matawi upande wa pili, hawathubutu kusema wala kukohoa, hadi lori la jasi lilipowahurumia likawapakia.

Basi lile lilifika Lindi salama. Hilo dada alilisema kila mahali, hakulificha, kwa sababu watu walimcheka kwa hilo, na kwa sababu ndipo swali la maisha yake lilipoanzia.

Yeye na Alfani walifunga ndoa bomani Lindi tarehe 6 Septemba 2014, kila mmoja akibaki na dini yake. Hapakukosekana hofu, mama aliogopa kwamba amempoteza binti, na wazee wa Sudi waliogopa kwamba wamempoteza kijana, lakini tarehe 2 Mei 2015 alipozaliwa mtoto wao Batuli, bibi zake wote wawili walikutana hospitalini wakagombania kumpakata, na tangu siku hiyo hatukusikia tena habari ya kupotezana.

Mwaka 2016 alirudi chuoni kusoma shahada ya uzamili ya sera na usimamizi wa usafiri wa nchi kavu, akahitimu 2018, akabaki kuwa mhadhiri msaidizi, na mwaka 2020 akaanza shahada ya uzamivu. Utafiti wake niueleze kwa maneno yetu ya nyumbani: alisimama na wanafunzi wake stendi za Lindi, Nangurukuru na Mbagala, abiria wakishuka wanaulizwa, je, uliogopa njiani, na kama uliogopa, ulisema? Karibu wote waliogopa, na waliosema walikuwa wachache mno. Mmoja aliogopa kushushwa porini, mwingine aliogopa kuonekana mshamba, mama mmoja alisema dereva ni wa ukoo wa mumewe, na mzee mmoja wa Mchinga alisema, "Niliona wenzangu wametulia, nikadhani ninaogopa peke yangu." Dada alipowasomea wakubwa matokeo haya mkutanoni Dodoma, aliwaambia, "Sera zetu zinahesabu waliokufa, hazihesabu waliofika wakiwa wameogopa, na hao ndio wangetuambia mapema." Alipendekeza abiria awe na njia ya kutoa taarifa akiwa kitini pake bila kujulikana, na kondakta awajibike anapomnyamazisha abiria.

Kazi hiyo ilimletea maadui. Mwaka 2022 alipigiwa simu na mtu asiyejitaja, aliyemsalimia kwa adabu, kisha akamwambia, "Mwalimu, na wewe si husafiri?" kisha akakata. Simu ile ilirudi mara kadhaa, kwa sauti ile ile ya upole. Alitoa taarifa polisi, hakupatikana mtu, na tangu hapo hakukubali tena kusafiri gari moja na Batuli, yeye anatangulia leo, mtoto anafuata kesho na baba yake. Wanafunzi wake mliopo hapa mnajua alivyokuwa akiwapigia mmoja mmoja hadi athibitishe mmefika.

Sasa naingia kwenye maradhi, na hapa nasoma kama alivyoagiza.

Mwezi Februari 2024 Valeria aligusa uvimbe kwenye titi la kushoto, akanyamaza. Pasaka ya mwaka ule, hapa nyumbani, mama alimwuliza, "Mbona mkono huo huunyanyui?" akajibu ni uchovu wa kukaa kwenye kompyuta, na mama akalipokea jibu hilo kwa kuwa ndilo alilotaka kulisikia. Tarehe 21 Novemba 2024 alitetea tasnifu yake, wakampongeza, wakaanza kumwita daktari, na jioni ile ile alimwambia mumewe, "Alfani, kuna kitu nimekuficha." Alfani aliposhika mahali pale alikaa chini, akamwuliza kwa nini, naye akasema, "Niliogopa wataniambia niache masomo, na zaidi ya hapo niliogopa kujua. Wale abiria niliwaandika kana kwamba mimi si mmoja wao."

Alianza matibabu Dar es Salaam Desemba 2024, alifanyiwa upasuaji, akachomwa dawa, lakini saratani ilikuwa imeshafika kwenye mapafu. Nilipokuwa namwuguza aliniambia, "Clemence, usije ukasoma kwamba nilikuwa jasiri, maana anayeogopa atadhani habari hii haimhusu. Soma kwamba niliogopa tangu mwanzo hadi mwisho, na kwamba kilichoniua mapema ni kunyamaza." Aliogopa kweli, jamani, nilimshika mkono nikaiona hofu yenyewe, na Batuli alipoletwa kumwona alimwambia, "Mama anaogopa, mwanangu, kaa karibu nami." Alifariki tarehe 11 Juni 2025 asubuhi, Alfani akiwa pembeni yake. Ameacha mume, mtoto mmoja, mama, dada na kaka, na wanafunzi ambao aliwahesabu kuwa wanawe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumlaumu kwa kuchelewa, chuo kwa kutuletea mwili hadi hapa, majirani wa Mitwero na wa Mitole, jumuiya ndogondogo, na vijana wa Sudi waliochimba kaburi pamoja nasi.

Kabla sijakunja karatasi, kuna jambo ambalo halikuwa kwenye maagizo ya marehemu. Dada yetu Romana, yule aliyeketi pale karibu na mama, jana asubuhi tukiwa tunaungojea mwili aliwaita mama na shemeji Alfani akawaambia, "Na mimi nimegusa kitu, sijui ni nini, nisaidieni nisikae nacho." Ameniruhusu niliseme mbele yenu. Hatujui ni nini, huenda si kitu, na hofu tuliyo nayo nyumbani hivi sasa siwezi kuwaficha, lakini Jumatatu, mkisikia hatupo, mjue tumekwenda hospitali Lindi, mama, Alfani, mimi na yeye. Mwombeeni. Na yeyote kati yenu mwenye jambo kama hilo, gari lina nafasi, aje tu aseme.

Dada Valeria, Mungu akupokee mahali ambapo hakuna anayeogopa, ukapumzike kwa amani yake. Amina.