Dirisha la Mama Mkwe

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Mnaonisikia Shinyanga mjini, Kagongwa, Songwa, na nyinyi wa machimboni Nyarugusu mliotundika redio mtini, karibuni. Naitwa Justina. Leo nina habari ya mtu mmoja, nami nitaisema yote.

Kwanza habari za mafundi. Mwezi wa saba mwaka huu, mwaka themanini na sita, mafundi vioo wa mkoa wetu watakuwa na banda lao kwenye viwanja vya maonyesho mjini Shinyanga. Ni mara ya kwanza. Wataonyesha namna ya kukata kioo, kukitoboa, na kukitia kwenye fremu ya mbao au ya chuma. Watazungumzia pia vioo vya shule na zahanati, maana wote tunajua vioo vimeadimika. Dirisha la darasa likivunjika siku hizi, linazibwa gunia mpaka watoto wamalize shule. Aliyepangwa kukata kioo cha kwanza mbele ya wageni ni fundi Telesphori Maganga. Fundi Telesphori hatakuwepo. Alifariki kijijini Mwabasenga wiki tatu zilizopita, kwa maradhi ya kifua, akiwa na miaka hamsini na mbili.

Sasa nisikilizeni. Kamati ya banda imeniandikia barua. Wanasema nimsifu fundi kwa kazi yake, lakini ile habari ya mama mkwe niiache, itatutia aibu mbele ya wageni. Barua nimeisoma. Nimeisoma mara mbili. Nimeikunja nikaiweka chini ya glasi yangu ya maji hapa mezani, na inafanya kazi nzuri tu, karatasi zangu hazilowi. Habari ya mama mkwe ndiyo niliyokuja kuisema.

Telesphori Maganga alizaliwa Ushirombo mwaka thelathini na nne, mtoto wa wakulima, Wakatoliki wa kuamka na kengele. Ufundi alijifunzia Songwa, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi wa almasi, akibadilisha vioo vilivyovunjika. Alikuwa na kisu cha kukatia vioo chenye punje ya almasi mdomoni, ndogo kama chembe ya uwele. Watu wakimtania, "Wewe Telesphori, almasi hiyo umeitoa wapi?" yeye huwajibu, "Hii ndiyo almasi pekee ya Shinyanga inayoshinda juani ikifanya kazi." Wanacheka, anaendelea kukata.

Mwaka sitini na moja alimwoa Coletha, binti wa Mwabasenga. Akahamia huko huko kwa wakwe zake, kwa sababu kijiji kiko karibu na barabara ya Kagongwa, na wafanyabiashara wa Kagongwa walikuwa wanajenga nyumba za matofali zenye madirisha ya kweli. Kwa hiyo, wasikilizaji, fundi aliishi kijiji kimoja na mama mkwe wake. Mama mkwe wake ni Bibi Nyamizi.

Nyinyi wageni wa kwetu, naomba mnielewe. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Haingii jikoni kwake. Wakikutana njiani, mmoja anapisha porini, mwingine anapita. Telesphori aliishika desturi hiyo barabara. Binti yake, Melania, ameniambia hivi: "Baba akisikia bibi anakohoa tu, anaruka ua wa minyaa kama mwizi wa kuku. Siku moja suruali ilibaki pale pale kwenye ua." Miaka inakwenda, wanaheshimiana, hawaonani.

Bibi Nyamizi ni mjane. Alikuwa na shamba la pamba kando ya lambo, shamba zuri, na alikuwa na macho mekundu. Hayo tu. Shamba zuri na macho mekundu. Mwaka sabini na nane, hivyo viwili vilitosha kumuua mtu.

Nami nawauliza, macho hayo yalitoka wapi? Miti tumeimaliza. Tunapikia samadi ya ng'ombe na vijiti vya pamba. Jiko halina dirisha. Mwanamke anakaa ndani ya moshi ule miaka hamsini, anatupikia ugali, tunashiba, tunafuta midomo, halafu tunamgeukia tunasema, aah, mbona macho yako mekundu, wewe ni mchawi. Jamani! Hatuna hata haya!

Aliyeanza maneno ni Kamili, mtoto wa kaka wa marehemu mume wa bibi. Alilitaka shamba la lambo. Ndama watatu wa jirani walipokufa, Kamili akasema ni bibi. Mtoto alipougua surua, ni bibi. Wakaenda kwa mganga, mganga akawaambia watafute mwanamke mwenye macho ya moto. Mnajua kinachofuata. Mwaka huo huo, vijiji viwili vya jirani, vikongwe wawili walikatwa mapanga. Bibi Nyamizi alikuwa wa tatu kwenye foleni, na kijiji kizima kilijua.

Coletha akamwambia mumewe. Jioni Telesphori akasema, "Jiko likiwa giza wanaweza kusema lolote linalofanyika mle. Nitamwekea kioo. Anayemtafuta mchawi aje atazame."

Coletha akacheka, hakujizuia. "Utawekaje kioo, Baba Melania, na jikoni huingii?"

"Utapima wewe."

Basi Coletha akaingia na kamba. Mumewe alimwambia, "Funga fundo pale macho ya mama yanapofika." Naye Coletha, kwa akili yake nzuri, akapiga magoti pale mama yake anapokaa akipika, akafunga fundo. Telesphori alichukua kamba ile bila kuuliza. Alichonga fremu ya mbao ya mninga. Vioo alikuwa navyo, mabaki ya Songwa, vyenye nyufa pembeni, akavipunguza. Donge la kubandikia alilikanda mwenyewe kwa mafuta ya pamba na vipande vya chaki vya shule. Bibi alipokwenda kuteka maji lamboni, yeye akatoboa ukuta kwa nje. Juu, karibu na paa, aliweka vile vioo vya kupangana kama magamba ya samaki, vya kufungua moshi utoke. Chini aliweka kioo kimoja kizima. Bibi aliporudi, kazi ilikuwa imekwisha na fundi ameshatokomea.

Kumbe kioo kile kilikuwa chini mno! Kilifika magotini mwa mtu mzima. Kamba ilipimwa na mtu aliyepiga magoti. Kijiji kilicheka wiki nzima. Wakaliita dirisha la mbuzi. Fundi hodari wa Songwa, mjenzi wa madirisha ya matajiri wa Kagongwa, ameweka dirisha la mbuzi kwa mama mkwe! Telesphori aliona aibu, akachukua tindo aende akalipandishe. Bibi akamtuma mjukuu mbio. "Mwambie mkwe wangu asiliguse. Leo nimeona mvua nikiwa nimekaa."

Likabaki.

Kisha ikaja Jumamosi ile, mwezi wa kumi na mbili, saa nne asubuhi. Mchana kweupe. Wanaume kama arobaini, fimbo na mapanga mkononi, Kamili mbele. Telesphori alikuwa Kagongwa kazini. Mtu alimkimbilia kumwambia. Alipanda baiskeli, mfuko wa kazi mgongoni, akawatangulia kwa dakika chache. Coletha alikuwa uani analia. Ananisimulia hivi, na maneno ni yake: "Nilimwambia simama mlangoni. Akasema mlangoni watanisukuma, ndani itabidi wanione. Akaingia jikoni. Jikoni kwa mama! Nilisahau hata kulia."

Aliingia. Alikaa sakafuni, uso dirishani, mgongo kwa mama mkwe wake. Watu wanakuja kumuua mtu, na Telesphori Maganga bado anachunga heshima ya mkwe.

Wanaume wakafika. Wakataka kuona ndani. Mnakumbuka dirisha liko wapi? Magotini. Ilibidi wachuchumae. Wanaume wazima na mapanga yao, wakachuchumaa mmoja mmoja mbele ya jiko la kikongwe, mashavu karibu na kioo. Telesphori akawaambia, "Haya, tazameni. Kile chungu, maharage. Kile kinu. Lile pipa, maji ya lambo. Mwaona nini kingine?"

Sauti ya bibi ikatoka nyuma yake: "Na kuku wangu anayeatamia. Mbona humtaji?"

"Na kuku," akasema Telesphori.

Aliyekuwa karibu kabisa na kioo ni Mageni, mtu wa makamo, mwenye panga. Alipochuchumaa, macho yake na ya bibi yakawa sawa kwa sawa, kioo katikati. Na mtu aliyelelewa kwetu akichuchumaa mbele ya mzee, mdomo unafanya wenyewe ulichofundishwa. Mageni akasema, kama anavyomwamkia mama yake, "Shikamoo, mayu."

"Marahaba, mwanangu. Wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

Mageni hakuinuka. Alitazama macho yale, akatazama moshi unaopanda kwenda kwenye vioo vya juu. Kisha akasema, taratibu, lakini kila mtu alimsikia: "Mama yangu naye macho yake yako hivi hivi." Akaliweka panga chini.

Kamili akaona shamba linamponyoka. Akaokota jiwe, akarusha. Kioo kikapasuka, kipande kikamchana Telesphori shavu, kutoka chini ya jicho mpaka kwenye taya. Damu ikamwagika kwenye shati. Unadhani alifanya nini? Alifungua mfuko wake wa kazi. Akatoa kioo kingine. Akapima, akakata kwa ile almasi yake, kriii, mbele ya watu arobaini wamechuchumaa, damu inachuruzika, akatia kioo mahali pake na kukibandika. Kisha akamwangalia Kamili. "Songwa nimebakisha vioo vingi. Mawe unayo mangapi?"

Wanaume wakaondoka. Kamili akaondoka wa mwisho.

Wiki iliyofuata wazee walimtoza Telesphori mbuzi kwa kuingia jikoni kwa mama mkwe. Akampeleka mbuzi mwenyewe kwa kamba. "Mbuzi wenu huyu. Nikihitajika tena nitaingia tena."

Baada ya siku ile dirisha lilivunjwa mara sita tena. Narudia, mara sita, kwa mawe. Mara sita Telesphori alilirudisha, kila mara kwa nje, kila mara bibi akiwa hayupo. Na Mwabasenga leo ina majiko kumi na tisa yenye kioo chini na vioo vya moshi juu. La kwanza kati ya hayo ni la mama yake Mageni. Tangu Jumamosi ile hakuna kikongwe aliyekatwa Mwabasenga. Hata mmoja. Hiyo ndiyo habari ambayo kamati inasema itatutia aibu.

Kamili, najua uko hai na najua una redio. Shamba la lambo mwaka huu lina pamba mpaka kiunoni. Bibi ndiye aliyepanda.

Sasa nifike mazishini. Jeneza lilikuwa wazi, watu wanaaga. Bibi Nyamizi akaja, miaka yake sabini na nane, ameshikwa mkono na Melania. Wazee wakamzuia. Mama mkwe hamwoni mkwe wake usoni, hata akiwa maiti. Bibi akasimama. Nimeyapata maneno yake kwa watu watatu, na wote watatu wameyasema sawasawa.

"Huyu amekaa miaka ishirini na mitano, kwa heshima, hanitazami. Nyinyi mlinitazama kila siku, mkaona mchawi. Nipisheni, nimwone mwanangu."

Wakampisha. Akainama juu ya jeneza. Mnakumbuka, Jumamosi ile Telesphori alimpa mgongo, na baada ya hapo hawakuonana tena. Lile kovu bibi hakuwahi kuliona. Alikuwa amesikia tu kwamba mkwe alichubuka. Akaweka kidole chini ya jicho, akakishusha polepole mpaka kwenye taya. Akasema, "Kumbe lilikuwa kubwa hivi."

Wasikilizaji wapendwa, nampa pole Mama Melania, Coletha, aliyefunga lile fundo kwenye kamba. Nampa pole Melania na wadogo zake. Nawapa pole mafundi vioo wa mkoa wote, na watu wa Ushirombo waliotutolea mtu huyu. Bibi Nyamizi, pole, mayu. Na wabeja sana, asante sana. Mungu amlaze fundi wetu panapo mwanga.

Nanyi mnaonisikiliza, msinililie. Mkizima redio nendeni jikoni kwa mama zenu. Chuchumaeni, muwaamkie, muwatazame machoni. Mkiyakuta mekundu, tafuteni tindo mtoboe ukuta.

Limebaki moja. Kamati imeomba dirisha lile ling'olewe lipelekwe bandani, mwezi wa saba, liwekwe juu ya meza na kitambaa cheupe, lakini pasiandikwe lilitoka wapi. Juzi walimtuma mtu Mwabasenga kulichukua, na nyundo na turubai. Alikuta bibi anapika. Ilimbidi achuchumae ili azungumze naye, na bibi alimjibu kutoka ndani, bila kuinuka, mwiko mkononi:

"Dirisha haling'oki. Anayetaka kuliona aje huku. Mimi nipo."