Nafasi ya Nne Kabatini: Maisha ya Kaka Yetu Elieza Elius Mlowe

Mchungaji wetu, wazee wa usharika, shemeji yangu Esnath, wanangu Anneth na Rodrick, majirani wa hapa Matembwe, na ninyi mliotoka Makambako na Njombe mjini kwenye baridi hii ya Juni, kamwene nyote. Mimi ni Lameki Mlowe, mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa mzee Elius, na ukoo umenipa kazi ya kusoma maisha ya kaka kwa kuwa nilikuwa mtu wake wa karibu, neno ambalo naomba mlipime wenyewe nikimaliza.

Marehemu Elieza alizaliwa tarehe 9 Machi 1956 hapa hapa Matembwe, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto sita wa mzee Elius Mlowe na mama Dorkasi, wote wawili wametangulia, akabatizwa mwaka huo huo, na mama alikuwa akisema kwamba alichelewa kutembea kwa sababu kila alipotaka kupiga hatua alikaa kwanza akafikiri.

Alianza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1965 na kumaliza darasa la saba mwaka 1971, hakuchaguliwa kuendelea, wala hakununa, akabaki akimsaidia baba shambani na kulinda mahindi dhidi ya nguruwe pori kwa kutumia gobole la baba, lile ambalo kitako chake kilipasuka kikafungwa kwa waya wa shaba, na ambalo wengi wenu wa umri wangu mnalikumbuka kwa sauti yake.

Aprili 1974 alikwenda Makambako kufanya kibarua kwenye ujenzi wa reli, na mwaka 1977 akaajiriwa kwenye mashine ya kupasua mbao, akajifunza kunoa misumeno mpaka akawa fundi mkuu, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 31 Desemba 2014 akiwa na vidole vyake vyote kumi, jambo ambalo watu wa mbao waliopo hapa wanajua si dogo.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na Esnath wa Igwachanya, wakajaliwa watoto wawili, Anneth aliyezaliwa mwaka 1983 na Rodrick aliyezaliwa mwaka 1987, na wajukuu watano.

Mwaka 1987, tarehe 20 Novemba, baba alifariki, na wazee wakafuata desturi ya ukoo wetu, kwamba nyumba ya baba ni ya mtoto wa mwisho na silaha ya baba ni ya mtoto wa kwanza, basi nyumba ikawa yangu na gobole likawa la kaka, lakini kwa kuwa kaka alikuwa amepanga chumba kimoja Makambako, gobole likabaki darini kwangu, halina karatasi yoyote, likisubiri mwenyewe apate pa kuliweka.

Siwezi kusoma maisha ya kaka bila kusema juu ya bunduki zake, maana alizipenda, na alizipenda kwa sheria, kila moja na kibali chake. Mwaka 1996 alipata shotigani kwa ajili ya nguruwe, mwaka 2003 akanunua bunduki ya kuwindia kutoka kwa afisa wanyamapori mstaafu, mwaka 2011 akaongeza bunduki ndogo ya kufukuzia ngedere, na kila Jumamosi mchana alizitoa, akazifuta kwa mafuta na kitambaa laini, akazirudisha. Kabati lake lilitengenezwa na rafiki yake tangu utoto, fundi seremala Hilario, jirani yangu hapa, ambaye alikwenda Makambako na mbao zake za mninga, akaweka kufuli la chuma na nafasi nne zilizotandikwa blanketi, kwa sababu kaka alimwambia aweke nne.

Hiyo ya nne ndiyo iliyotuchosha. Zaidi ya miaka kumi kaka alikuwa akiamua ya nne iwe ipi, akiuliza kila mgeni, akilinganisha uzito na upatikanaji wa risasi, leo anataka ya mitutu miwili aliyoisikia inauzwa Njombe, kesho anasema ile inapiga teke bega la mzee, na shemeji Esnath alikuwa akitutania kwamba yeye alichaguliwa kwa siku moja tu mnadani Igwachanya, laiti angezaliwa bunduki angefikiriwa vizuri zaidi. Tulicheka sana, nami nilicheka, na katika kucheka huko nikaamini kwamba kaka alishalisahau gobole la baba.

Mwaka 2022 serikali ilipotoa muda wa watu kusalimisha kwa hiari silaha zisizo na vibali, nilishikwa na woga, usingizi ukaniisha, nikijiona nimefungwa uzeeni kwa ajili ya chuma kilichokaa darini kwangu miaka thelathini na mitano, na Alhamisi tarehe 22 Septemba nilililaza ndani ya gunia la viazi, nikalipeleka polisi, wakalipokea kwa upole, hawakuniuliza mengi, wakaniambia silaha hizo zitateketezwa. Sikumpigia kaka simu. Mali ilikuwa yake, nami nilikuwa na simu mfukoni, na sikumpigia.

Jumamosi tarehe 8 Oktoba kaka alifika Matembwe amevaa koti lake la kanisani, akanywa chai, akaniomba nimshushie gobole la baba. Nikamwambia limeibwa. Akauliza ni nani aliyepanda darini, nami nikajibu kwamba sikumwona mwingine ila Hilario, aliyeziba mabati mwezi Agosti, na hilo lilikuwa kweli, Hilario alipanda, na kwa ukweli huo mmoja nikamfukia mtu asiye na kosa.

Kaka hakwenda polisi, maana angeripoti nini, kitu kisicho na karatasi. Tangu siku ile hakuitikia tena salamu ya Hilario, alipokuja kusali hapa alikaa benchi la upande mwingine, na rafiki huyu wa miaka sitini alinijia mara mbili, akaniomba kwa unyenyekevu nimuulize kaka amemkosea nini ili aende kuomba radhi, na mara zote mbili nilimwambia nitauliza. Tangu siku hiyo pia kaka hakuitaja tena ile nafasi ya nne.

Ugonjwa ulianza Februari 2023 kwa maumivu ya kiuno, Agosti ikathibitika kuwa ni saratani ya tezi dume iliyokwisha kufika kwenye mifupa, akatibiwa Makambako, kisha Njombe, akaenda na kurudi mpaka akaacha kuuliza siku ya kurudi. Jumamosi tarehe 7 Juni mwaka huu nilikaa naye hospitalini mchana kutwa, akanishika mkono, akasema nimwambie Hilario kwamba akilirudisha hatamuuliza neno lolote, alitie tu kabatini, yeye ameshamsamehe. Hapo ndipo ulimi wangu ulipotakiwa kufanya kazi. Nilimjibu kwamba nitamwambia. Kaka Elieza alifariki Jumamosi iliyofuata, tarehe 14 Juni 2025, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa.

Juzi Jumapili, Anneth alipokuwa akitafuta kadi ya usharika ya baba yake kwa ajili ya ibada hii, alikuta bahasha, na ndani yake pamoja na kadi kulikuwa na fomu ya maombi ya kumiliki silaha ya tarehe 3 Oktoba 2022, imejazwa kwa mwandiko wa kaka, aina ya silaha gobole, sababu kumbukumbu ya baba. Rodrick, aliyekuwa akimpeleka ofisini, ameniambia kwamba baba yake alikuwa ameshaamua tangu mwaka uliotangulia, na kilichomchelewesha ni kuuliza kila ofisi, bila kutaja jina, kama mtu ambaye gobole limekaa darini kwake anaweza kukamatwa, na alikuja kwangu siku aliyohakikishiwa kwamba sitaguswa. Chini ya fomu, mahali pasipoulizwa kitu, ameandika kwa kalamu: nikifa apewe mdogo wangu Lameki, aombe kibali, maana yeye ndiye aliyekaa na baba.

Keshokutwa polisi watakwenda nyumbani kwa kaka Makambako kuchukua zile bunduki tatu, kwa kuwa kibali hufa na mwenye nacho na hakuna kati yetu aliyeomba kuzirithi, na kabati litabaki na nafasi nne tupu.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Makambako na Njombe waliomtunza kaka bila kuchoka, usharika kwa maombi, wafanyakazi wenzake wa zamani wa mashine ya mbao waliokuja na lori zima, na majirani mliopika na kuchimba kaburi kwenye udongo ulioganda.

Namshukuru fundi Hilario, ambaye hakuombwa na mtu, ambaye alisikia msiba Jumamosi jioni na Jumapili akaanza kuranda mbao, na jeneza mnaloliona mbele yenu ni kazi ya mikono yake. Ndugu yangu Hilario, umeyasikia sasa pamoja na wote, sikukuambia pembeni kwa sababu kusingiziwa ulisingiziwa nyumbani kwangu, lakini kutengwa ulitengwa mbele ya watu. Msamaha wa kaka niliotumwa kukupa ulikuwa wa kosa langu, na sijui niupeleke wapi.

Kaka Elieza, nimechelewa, na najua hunisikii. Pumzika kwa amani, ndani ya mbao za mtu ambaye hakukukosea kitu.