Tata Tshilombo Mukendi na Motokari Iliyotembea kwa Pombe ya Mahindi

Tata Tshilombo Mukendi alizaliwa tarehe 4 mwezi wa tatu 1931 kule Mutshatsha, ambako baba yake, mtu wa Kasai, alifanya kazi ya reli. Alisoma kwa mapadri, kisha akaja Kolwezi kujifunza ufundi wa magari. Huko alilala chumba kimoja na kijana mwenzake, Tshibangu. Walikula sahani moja hata watu wakawaita mapacha.

Mwaka 1956 alimwoa Mama Kabedi. Tshibangu ndiye aliyesimama kando yake kanisani.

Mwaka 1979, baada ya vita kupita Kolwezi, esanse, yaani petroli, ilipotea mjini na magari yakalala. Tata Tshilombo akaanza kupika pombe ya mahindi. Aliipitisha motoni mara mbili, kisha akaikausha kwa chokaa mpaka maji yaishe. Alipanua tundu la kabureta, akabadilisha mipira ya mafuta, maana pombe iliila. Hakudanganya mtu: ilimalizika upesi kuliko esanse, na asubuhi za baridi ya mwezi wa saba motokari yake ya Pijo ilikataa kuwaka mpaka aionjeshe esanse kidogo. Lakini ilitembea.

Jumapili moja aliwaleta waimbaji kutoka Mutshatsha. Waliposhuka, nguo zilinuka pombe, na Padri akawasimamisha mlangoni, akaanza kuwanusa midomo.

“Padri, haiko bao balikunywa,” Tata akasema. “Ni motokari.”

Ufundi huo alimfundisha Tshibangu peke yake. Tajiri mmoja wa teksi alipotafuta mtu wa kumgeuzia magari yake, Tshibangu alikwenda kimya kimya, akasema yeye ndiye aliyeuvumbua. Wiki ile ile askari waliingia uani kwa Tata, wakavunja mapipa, wakamkamata kwa kupika lotoko, pombe iliyokatazwa. Mama Kabedi aliuliza nani aliwaonyesha nyumba.

“Mama, ni pacha yake alituleta,” askari akajibu, akicheka.

Mama alimpelekea habari hiyo gerezani, lakini Tata hakuamini. Kila siku ya wageni alitazama mlangoni, akimngoja Tshibangu. Hakuja.

Tata alitoka gerezani akiwa na kifua kibovu. Na teksi zikaanza kufa, kwani Tshibangu, kwa haraka zake, aliacha chokaa, maji yakabaki ndani ya pombe, yakala vyuma. Hapo ndipo alipolikumbuka jina la mwenzake. Akamwambia tajiri, “Ni mawazo ya Tshilombo ile.” Zilipotembea zilikuwa za Tshibangu, zilipokufa zikawa za Tshilombo. Hakuna gereji ya Kolwezi iliyompa Tata kazi tena.

Mwezi wa sita mwaka huu wa 1984 kifua kilimlaza hospitalini. Tshibangu alifika na machungwa.

“Ungeniomba, mi ningekupa yote,” Tata akamwambia. “Tungeenda kwa tajiri pamoja.” Kisha akageukia ukuta.

Aliaga dunia tarehe 12 mwezi wa nane, mkono wake mkononi mwa Mama Kabedi.

Ameacha mjane wake, Mama Kabedi. Watoto wake Ngalula, Ndaya na Mukendi. Na wajukuu wanne. Familia inawashukuru ninyi nyote mliofika. Jana Tshibangu alituma mtu kuomba abebe jeneza. Mama Kabedi alijibu: “Mwambie, batoto ya Tata beko na mabega.”

Tata Tshilombo, udongo wa Kolwezi uwe mwepesi juu yako. Lala kwa amani.