Kioo Namba Saba

Benchi la nje ya duka la Aling Puring, pale mjini Lipa, kwenye kona wanakogeuzia wenye pikipiki za abiria, halijawahi kushindwa na swali. Mvua ikichelewa, benchi linajua kwa nini. Jogoo wa mtu akipigwa ulingoni, benchi lilishasema toka juzi. Mchana ule birika la barako lilikuwa limejaa, kahawa nyeusi ya kushika ulimi, na benchi lilikuwa na mgonjwa: kompyuta ya Marivic, imelazwa ubavu juu ya meza ya kupigia pasi, tumbo wazi, nyaya nje kama matumbo ya samaki. Marivic mwenyewe alikuwa amesimama pembeni hajui akae wapi, maana saa tisa ana mtihani wa kazi, kazi ya kusikiliza sauti za watu na kuziandika, kazi ya kufanyia nyumbani, na waya wa mtandao unaishia hapa dukani, kwake haufiki, na asipofanya mtihani leo hapewi mwingine, na wakala keshamtumia ujumbe kwamba kule Kuweiti kuna familia inataka yaya hata kesho. Akalee wa watu, wake amwachie nani? Wake huyo alikuwa mkekani, hata kutembea hajaanza, anapenyeza vijiti vya barafu za kulamba kwenye mdomo mwembamba wa kiboksi cha bati, vijiti vinatokea chini, anacheka, anapenyeza tena.

Feni ilikuwa inazunguka. Kioo kilikuwa cheusi tii.

— Inahema, akasema Voltahe, fundi wa mashine za karaoke, aliyepewa jina hilo siku umeme ulipomrusha kutoka kwa Aling Puring mpaka kwa kinyozi. Anayehema hajafa.

— Hata jogoo aliyechinjwa anahema kidogo, akasema Abogado.

Abogado, yaani Wakili, ni dereva wa pikipiki ya abiria. Mahakamani aliingia mara moja tu, kwa kesi ya jogoo, akashindwa, na tangu siku hiyo anatoa ushauri wa sheria.

— Kuya, Marivic akasema, kama mdogo anavyomwita kaka, tafadhali msiseme habari za kuchinja.

— Tulia, Vic, akasema Voltahe. Kompyuta hii tumeijenga kwa mikono yetu. Ilikuwa konokono, tumeifanya farasi.

Na kweli waliijenga. Ilikuwa ya kaka yake Marivic, ya zamani, ukiiwasha unaenda kuosha vyombo ukirudi bado inafikiri, na kampuni ilisema inataka mashine ya kasi. Benchi likajitwika. Memori moja ilitoka ofisi ya parokia, walipobadilisha zao. Ya pili ilitoka kwenye ofisi ya kamari ya majogoo. Diski ilitoka kwenye karaoke iliyomfia Voltahe mkononi. Kioo kilikuja asubuhi hii, maana cha Marivic kilikuwa kimekufa siku nyingi: kilitoka kwa Mang Kulas, aliyefunga duka lake la kompyuta, na Aling Puring ndiye aliyekibeba begani kama gunia la mchele.

— Mimi nawaambia ni memori, akasema Voltahe. Nipe kifutio.

Akachomoa memori, akaisugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha shule, akaipuliza, akairudisha. Feni ikazunguka. Kioo, cheusi.

— Umeona? akasema Abogado. Umesugua bure. Tatizo si uchafu, tatizo ni tabia. Hii ya parokia imezoea majina ya ubatizo. Hii ya kamari imezoea majina ya majogoo. Umeziweka chumba kimoja, unategemea nini?

— Sasa tufanye nini? Voltahe akauliza.

— Wahenga walishamaliza. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime.

— Yaani tuziache?

— Tukalime kwanza. Tukirudi zimepatana.

— Una shamba wewe? Aling Puring akauliza kutoka dirishani pa duka, huku akimhesabia mtu mayai.

— Sina. Ndiyo maana nakunywa kahawa.

Marivic akatazama saa ya ukutani nyuma ya mitungi ya peremende. Mshale ulikuwa umeshaipita nane, umeipita sana.

— Kuya Voltahe, labda diski?

— Diski haina neno. Ila, Voltahe akakuna shingo, diski ya karaoke ina mazoea yake. Kule ilikozaliwa haikuwahi kuonyesha kitu mpaka mtu achague wimbo.

— Unataka tuiimbie?

— Sisemi tuiimbie. Nasema haitadhurika ikisikia sauti.

Abogado akakohoa, akaanza kitu cha mapenzi, kwa chini, mkono kifuani. Mtoto mkekani akaacha vijiti akamtazama kwa huruma. Kioo kikabaki vilevile.

— Hata mimi ningejizima, akasema Aling Puring.

— Aling Puring, ulipokuwa unakuja na hiki kioo njiani, kuna mtu alikisifu? Abogado akauliza.

— Kinyozi. Alisema, kizuri, kikubwa kama dirisha.

Abogado akapiga goti lake.

— Basi kesi imekwisha. Kimepigwa jicho. Mtoto akisifiwa na mpita njia si anashinda analia? Na dawa yake mnaijua.

Kabla Marivic hajasema lolote, Abogado alikuwa amelowesha kidole gumba kwa mate na kuchora kimsalaba kidogo kwenye tumbo la kompyuta, taratibu, kama anavyofanyiwa mtoto mchanga. Voltahe hakucheka. Voltahe akaivua kofia.

— Mficha uchi hazai, Abogado akasema.

— Hiyo inaingiaje hapa?

— Si tumbo liko wazi?

Marivic alitaka kucheka, machozi yakamtoka tu, akasema kwa mkupuo kwamba anawashukuru wote, kweli anawashukuru, ila mnajua mimi nina huyu tu, baba yake yuko huko Mindanao kwenye mashamba ya mananasi, anatuma anachoweza, na wakala akipiga simu jioni nikimwambia ndiyo basi ni ndiyo, nitarudi huyu ananiita shangazi.

Aling Puring akatoka dukani, akamkalisha, akamtia kikombe cha barako mkononi, akakiongezea sukari bila kumuuliza.

— Kunywa, mwanangu. Uchungu wa kahawa unafukuza mwingine.

Hapo ndipo akafika Ate Glo, anayesambaza maji ya kunywa, mtungi begani, jasho usoni. Akautua mtungi. Akakizunguka kile kioo, akainama kutazama karatasi ndogo iliyobanduka nusu kwenye pembe.

— Namba saba, akasema. Hiki si kilikuwa cha kule kwa Mang Kulas? Mwanangu alilelewa na hiki. Kilikula mshahara wangu wote wa Jumamosi.

— Ndicho, akasema Voltahe. Tumekichunguza, hakina kasoro.

— Sasa tundu la peso mmelipeleka wapi?

Wote walikulia kwenye maduka yale ya kompyuta za kulipia: unatumbukiza sarafu ya peso, unapata dakika zako chache, zikiisha kioo kinazima mbele ya pua yako, hata kama mchezo ulikuwa unaushinda. Wote walikuwa wamesahau kwamba kioo cha duka la peso hakimwoni mtu asiyelipa.

— Na hiki cheusi hapa nyuma? Ate Glo akauliza, akigusa kifurushi cha utepe kilichoning'inia kwenye waya wa kioo.

— Hiyo, Voltahe akasema kwa sauti ndogo, nilidhani ni kinga ya radi.

Mkekani, kijiti cha barafu kikapenya kwenye mdomo wa bati, kikatoka chini.

Vichwa vyote vikageuka pamoja.

— Mang Kulas alinipa pamoja na kioo, akasema Aling Puring. Nikaona kinamfaa mtoto.

Marivic alikuwa keshapiga magoti. Alibadilishana na mwanawe kwa biskuti, akakikung'uta kiboksi, na kweli kilikuwa na mkia wa waya, na mkia una plagi ndogo, na kile kifurushi kilikuwa na mahali pa kuichomeka.

— Tukate tu huu waya, Voltahe akasema, tuunganishe moja kwa moja, ni kazi ya...

— Usikate, Kuya. Leo usikate kitu chochote. Nani ana peso?

Abogado alikuwa nayo, ya chenji. Tik. Peso ikapita, ikadondoka kwenye kiganja cha Marivic, maana kiboksi hakina kitako. Na kioo namba saba kikafunguka, cheupe, kikubwa kama dirisha, kinyozi hakukosea.

Saa tisa ilipogonga, mama mmoja akazungumza kutoka kwenye spika, kwa sauti ya ofisi yenye kiyoyozi, akasema tuanze. Marivic akaanza. Taa nyekundu kwenye kile kifurushi, ambacho ndicho kinachohesabu dakika, ilikuwa ikipepesa kila dakika zilipokaribia kwisha, na hapo Abogado alitumbukiza peso, tik, Ate Glo akaidaka chini, akampa Voltahe, Voltahe akamrudishia Abogado, naye akaishika kama hostia mpaka taa ipepese tena. Peso ileile. Aling Puring alimpakata mtoto, akawafukuza wateja kwa nyusi. Barako ikapoa kwenye vikombe, na hakuna aliyesema neno, kitu ambacho kwenye benchi lile hakijawahi kuonekana hata siku ya msiba.

— Umeandika vizuri, Marivic, ile sauti ikasema hatimaye. Kasi ni nzuri. Tuna swali moja tu, maana kazi hii inahitaji utulivu. Hiyo inayolia tik, tik, nyuma yako, ni nini?

Marivic akageuka. Watu ambao tangu mchana walikuwa na jibu la kila kitu walikuwa wameinamisha macho, kila mmoja anakagua ndala zake. Taa nyekundu ilikuwa inapepesa. Abogado ameishikilia peso juu ya tundu, anaogopa kuiachia na anaogopa kutoiachia.

— Ni majirani zangu, madam, akasema Marivic. Ndio wanaonishikia taa.

Halafu, kwa kunong'ona, bila kuondoa macho kwenye kioo:

— Tumbukiza, Kuya.

Tik.