Mwandishi Aliyerudi Nyamotero: Mwalimu Hezekia Mniko Nyangwine (1938–1985)

Mwalimu Hezekia alizaliwa tarehe 4 Juni 1938 huko Nyakunguru, Tarime, mtoto wa tatu wa Mzee Mniko Nyangwine na Mama Wegesa. Alichunga ng'ombe mpaka akatimiza miaka kumi, ndipo akaingia shule ya misheni. Alimaliza darasa la nane mwaka 1956 na kufuzu ualimu mwaka 1958.

Mwaka 1964 alifunga ndoa na Bernadetha Ghati, ambaye alikuwa amemkataa mara mbili kwa kuwa, kwa maneno yake mwenyewe, mwanamume huyo alisema mno. Walijaliwa watoto wanne.

Mwaka 1969 alihamia Mugumu kufundisha elimu ya watu wazima, akawa pia mwandishi wa gazeti la kanda lililochapwa kwa stensili Musoma. Magazeti ya siku zile yalipenda sana neno "kuzorota". Kilimo kilizorota, ushirika ulizorota, hata mahudhurio ya mikutano yalizorota. Lilikuwa neno la adabu, halikumtaja mkosaji, lakini wakubwa waliposoma walijua wa kumkaripia.

Naye marehemu alilitumia, tena vibaya. Machi 1975, akiwa ndani ya basi, alipita shamba la ujamaa la Nyamotero, kijiji cha jirani na Natta, akalikuta halina mtu. Akaandika: "Kilimo Nyamotero chazorota." Wiki mbili baadaye trekta ya kijiji ikahamishiwa kwingine. Mwenyekiti, Mzee Kisyeri, alimfuata mpaka darasani, akaamkiwa shikamoo, akaitikia, kisha akasema taratibu:

"Siku ile tulikuwa tunamzika mama yangu. Kwa nini hukushuka, Mwalimu?"

Jamani! Mzaliwa wa Nyakunguru, aliyekua akijua kwamba msiba ukiingia kijijini jembe haliguswi mpaka mtu azikwe! Marehemu aliona aibu, na hakuificha. Kesho yake alipanda baiskeli hadi Nyamotero, akaomba radhi mbele ya mkutano, akapewa jembe, akalima nao siku tatu. Kisha akaandika masahihisho. Mhariri akamjibu kwamba gazeti la umma halina desturi ya kujikana. Akaandika tena. Mara ya tatu aliyapeleka Musoma mwenyewe, akaketi mlangoni mwa mhariri tangu asubuhi mpaka jioni, akisema bila kukoma kama alivyozoea, mpaka yule bwana akachoka na kuyachapa ukurasa wa kwanza.

Novemba trekta ilirudi. Mavuno ya 1976 yalifika magunia mia nne na kumi, na wilaya nzima ikaja kujifunza Nyamotero. Marehemu aliposoma habari hiyo kwa sauti mbele ya ghala, alipigiwa vigelegele, akabebwa juujuu, kiatu kimoja kikapotea. Tangu hapo hakuandika kwamba shamba limezorota bila kwanza kulikanyaga.

Shinikizo la damu lilimwanza mwaka 1981. Alitibiwa Mugumu kwa uangalizi mzuri, akaendelea kufundisha mpaka Januari mwaka huu. Aliaga dunia tarehe 9 Machi 1985, saa nne asubuhi, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane, Bernadetha. Watoto Bhoke, Selestine, Method na Nyangi. Na wajukuu watatu. Jana Mzee Kisyeri alileta barua yenye mhuri wa serikali ya kijiji, akiomba Nyamotero nzima iandikwe katika orodha hii ya wafiwa. Familia imekubali, na imeandikwa.

Mungu ampe pumziko jema.