Bunduki ya Kulinda Kopo la Poda

Benchi la kijiweni lina miguu mitatu na tofali moja, nalo liko kati ya duka la kinyozi na kibanda cha Fundi Saa, mzee mpole ambaye saa za watu huzirudisha kwenye mstari ilhali yeye mwenyewe hajawahi kufika popote kwa wakati. Jioni hiyo alikuja na neno moyoni. Asubuhi mkewe alimwambia: "Chumba alichohama mwanetu umekijaza saa zilizokufa, na kule barazani kwa kinyozi wanalala watoto wawili. Tuwachukue au tusiwachukue? Leo unijibu." Fundi Saa alikusudia kuomba ushauri, lakini kwa kuwa ni mtu wa haya, aliketi akingoja mazungumzo yafike yenyewe. Hayakufika. Wenye maduka walikuwa wameajiri mlinzi mwenye bunduki, na jioni hiyo ndiyo angeanza kazi.

— Dawa ya moto ni moto, alisema Kinyozi, ambaye huitwa Spika kwa sababu humkatiza kila mtu. Mwizi kanivunjia kufuli, sasa akutane na mtutu.

— Kwani aliiba nini? aliuliza Shangazi, mwenye birika la kahawa.

— Kopo la poda.

— Bunduki nzima kwa kopo la poda?

— Leo poda, Shangazi, kesho kiti cha kunyolea!

Wakili akakohoa. Jina hilo alilipata kwa kesi moja aliyojitetea mwenyewe, akashindwa.

— Mimi bunduki sizipendi, alisema. Ila zikiwa za wachache, hao wachache watatuonea. Haba na haba hujaza kibaba: kila nyumba ipewe moja.

— Tuuane tuishe?

— Ngoja nimalize, Spika. Bunduki akae nayo mume, risasi akae nazo mke. Ukitaka kupiga, umwombe kwanza.

— Basi amani imepatikana. Wangu hata sukari hunificha.

Walicheka. Fundi Saa naye alicheka, ingawa habari za wake zilimkumbusha mkewe anayengoja jibu. Akaona mlango umefunguka kidogo.

— Na wale je? alisema, akielekeza kidevu barazani, ambako msichana wa kama miaka kumi alikuwa akitandika maboksi, nduguye mdogo akiyakalia yasipeperuke.

— Hilo ni suala la jamii, alisema Wakili. Linataka kamati.

— Kamati ya mwaka jana ilifia wapi? aliuliza Shangazi.

— Ilikosa wajumbe. Sote tulikuwa wenyeviti.

— Mimi nasema waachwe, alisema Spika. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ukimwingiza ndani, unamkatiza masomo.

— Mtihani wake lini?

— Shangazi, usinichekeshe. Tena baraza langu lina hewa. Mie nyumbani nalala na joto na mama mkwe.

— Dawa ni moja, alisema Wakili. Serikali iezeke barabara. Barabara zote zikiwa na mapaa, nani tena atasema hana paa?

— Na malori?

— Yatapita yameinama.

Fundi Saa alijaribu tena.

— Na kama mtu ana chumba...

— Mtu gani?

— Mtu tu.

— Asithubutu! alisema Spika. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wale wadogo, jembe wataliinuaje?

Fundi Saa aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amepata jibu la kumpelekea mkewe, tena lenye methali, na moyo wake ukafurahi. Kisha akaona haya kwa furaha ile.

Ndipo alipotokea mlinzi mpya, kijana mrefu mwenye koti la kuazima, kaishika bunduki kama mtu aliyeachiwa mtoto mchanga wa jirani.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu.

— Nimeambiwa nitakayemkuta barazani usiku ni mwizi. Sasa nimepita pale, nimeona wale wawili wanatandika. Giza likiingia, niwafanye nini?

Spika, bingwa wa kukatiza, hakupata wa kumkatiza. Wakili alichungulia kikombe chake kana kwamba sheria imeandikwa humo. Wote wawili wakamgeukia Shangazi.

— Msinitazame mimi, alisema. Mie nauza kahawa. Bunduki mliitaka nyinyi.

— Wazee? alisema mlinzi.

— Hutawakuta.

Fundi Saa alishtuka kusikia kwamba sauti ile ni yake.

— Kwani wanaondoka?

— Ndiyo. Ila wenyewe bado hawajui.

Akainuka, akaenda hadi kwenye maboksi, akasimama. Maneno yote ya kijiweni yalimkimbia. Hapakuwa na hata moja la kumwambia mtoto. Mwishowe alifanya alivyofunzwa tangu utotoni kufanya mbele ya makazi ya watu.

— Hodi, alisema.

Msichana akamsogeza nduguye upande mmoja.

— Karibu, babu. Nafasi ipo.